Ua la Digidigi Lenye Miguu Miwili

— Nitoe nisitoe?
— Toa!
— Nikitoa mtapokea?
— Tutapokea!
— Na mwenye kuogopa je?
— Akae katikati!

Basi sogeeni, na mwenye kuogopa akae katikati kweli, maana hii ya leo si ya kuchekea. Na wewe unayetafuna karanga hapo nyuma, tafuna polepole, unanipotezea maneno.

Zamani, zamani za mbali, kabla bibi yake bibi yangu hajaota jino, palikuwa na nchi ya wanyama kando ya chemchemi. Mfalme wao alikuwa Nyati. Nyati alikuwa mkubwa, mpole, mzito wa mwili na mzito wa kufikiri. Neno ukimwambia asubuhi, hulitafuna mpaka jioni.

Mfalme Nyati aliweka amri moja tu. Alisema, "Katika nchi yangu hakuna kumla mwenzio. Anayekula majani, majani haya hapa. Anayekula nyama, akaitafute ng'ambo ya mlima."

Wanyama wakaishi kwa raha. Wakazaa, wakalea, wakanywa maji pamoja. Aliyekuwa hana raha ni mmoja tu, Fisi. Fisi alikuwa mvivu wa kupanda mlima. Nchi haikuwa na mizoga, hakuna aliyekufa ovyo, na tumbo lake lilinguruma usiku na mchana. Akakonda, mbavu nje nje.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja, Digidigi. Mnawajua digidigi? Kamnyama kadogo, macho makubwa, miguu kama njiti. Mumewe alikuwa amefariki, na yeye alikuwa amejifungua karibuni. Mtoto wake alimficha kwenye kichaka cha miiba, na kila alipokwenda kunywa maji alikwenda mbio na kurudi mbio. Jirani yake alikuwa Pimbi, yule anayekaa kwenye mawe. Walikuwa mashoga, wakishinda pamoja, wakitaniana na kucheka.

Siku moja ndama wa mfalme akapata kikohozi. Koho, koho, koho, mchana kutwa. Kilikuwa kiangazi, vumbi tupu, lakini mfalme alikuwa na ndama huyo mmoja tu, na mzazi wa mtoto mmoja husikia kikohozi kama radi.

Fisi akaja mbio, akainama mpaka pua ikagusa mchanga. "Mfalme, mtoto ameingiliwa. Nchini mwako kuna mchawi."

"Mchawi? Nani?"

"Mimi simjui, mfalme. Lakini ua jeupe linamjua."

Fisi akaleta mitungi myeusi ya udongo, yenye shingo ndefu nyembamba. Kila mnyama na mtungi wake. Akaijaza maji, akaipanga safu moja kwenye mchanga, imebanana, midomo ikigusana. Akasema, "Hiki ndicho kiapo cha kumfichua mchawi. Kila mtu atakata ua jeupe pale chemchemini, kwa meno yake mwenyewe. Atalitia katika mtungi nitakaomwonyesha. Tutakaa juani kutwa nzima. Jua likizama, ua la asiye na kosa litakuwa jeupe vilevile. Ua la mchawi litakuwa jekundu kwa damu ya huyo anayemwangia."

Halafu akaweka miiko mitatu. Mtu asichungulie ndani ya mtungi, atapofuka. Mtu asiguse mtungi mara ya pili, atakufa. Na ua likigeuka rangi, wote wampe mgongo mwenye ua, wasimtazame, wasimsikilize, asije akawaroga kwa macho.

Wakakata maua. Wakayatia mitungini, na Fisi akapita akiimba:

Kunywa ua, kunywa ua,
Mchawi wetu wamjua,
Asiye na kosa tuachie,
Mwenye kosa tutajie.

Wakakaa juani. Jua likapanda, jua likashuka. Lilipozama, maua yote yalikuwa meupe isipokuwa moja. Ua la Nguchiro lilikuwa jekundu.

Nguchiro! Nguchiro mcheshi, yule aliyekuwa akiiga mwendo wa Fisi watoto wakavunjika mbavu kwa kicheko. Alidhani ni mzaha. "Jamani, mimi? Mimi hata uji siwezi kuuroga ukapoa!" Akacheka. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wameshampa mgongo, na Digidigi naye akiwamo.

"Jamani," akasema Nguchiro, na sauti ikabadilika. "Jamani, nitazameni."

Fisi akamkamata shingoni. "Nakwenda kumfukuza ng'ambo ya mlima." Akaondoka naye. Akarudi peke yake, anapangusa midomo, mbavu hazionekani tena. Maji ya mitungi yote akayamwaga mwenyewe nyuma ya jiwe, akisema ni maji ya laana, yasiguswe na mtu.

Siku ile upepo ulitulia, vumbi likalala, na ndama hakukohoa. Wanyama wakaambiana, "Mmeona? Mmeona wenyewe?"

Baada ya siku mbili tatu, koho, koho, koho.

Fisi akaipanga mitungi tena. Wakakata maua tena, wakakaa juani tena, na Fisi akapita akiimba:

Kunywa ua, kunywa ua,
Mchawi wetu wamjua,
Asiye na kosa tuachie,
Mwenye kosa tutajie.

Jua likapanda, jua likashuka. Safari hii ua lililogeuka lilikuwa la mzee Paa.

Sasa mzee Paa alikuwa mtu wa kuheshimika. Ndiye aliyemzika mume wa Digidigi. Ndiye aliyekuwa akimwachia majani mateke, yale laini, alipokuwa mjamzito hajiwezi. Mzee Paa hakupiga kelele. Aligeuza shingo polepole, akatazama migongo ile yote, akamtambua Digidigi kwa udogo wake.

"Mwanangu," akasema, "hata wewe?"

Digidigi alisikia. Alisikia vizuri kabisa. Akafumba macho, akabana masikio, akasema moyoni, si mimi, Mungu wangu, asante si mimi. Aliona aibu kwa kushukuru vile, lakini alishukuru. Alipofumbua macho mzee Paa hayupo, na Fisi amerudi, tumbo mbele.

Siku hiyo Fisi akapita karibu na Digidigi. Akasimama, akanusa, puh, puh. "Umenona, mama," akasema kwa upole. "Uzazi umekukalia vizuri."

Aa, jamani! Digidigi alirudi kichakani kwake miguu haigusi chini. Mtoto akanyonya, akanyonya, akalia. Maziwa yalikuwa yamekauka kwa hofu.

"Shoga, mimi naondoka," akamwambia Pimbi. "Nachukua mwanangu, naondoka."

"Uende wapi?" akasema Pimbi. "Ng'ambo ya mlima kuna chui. Na ukikimbia watasema mchawi ndiwe. Tulia, shoga. Kama huna kosa, ua lako litakuwa jeupe."

"Mzee Paa alikuwa na kosa gani?"

Pimbi akatazama huku na huku. "Usiseme hivyo," akanong'ona. "Usimseme huyo mbele yangu."

Na ndama akakohoa. Koho, koho, koho.

Mara ya tatu hiyo. Mitungi ikapangwa asubuhi, umande haujakauka. Fisi akawaonyesha wanyama mitungi yao, wewe huu, wewe ule. Alipofika kwa Digidigi akatabasamu meno yote.

"Wako huu hapa, mama. Nimekuchagulia mwenyewe."

Digidigi akaenda chemchemini kukata ua. Meno yalikuwa yakigongana, ta-ta-ta-ta. Alipouma kikonyo hakikukatika sawasawa. Kilipasuka. Kikapasuka kuanzia chini kikapanda juu, mpaka karibu na ua lenyewe, kikawa vipande viwili vyenye ua moja juu yake, mithili ya mtu na miguu yake.

Angekata lingine? Fisi alikuwa nyuma yake. "Haraka, mama, wenzako wanangoja."

Akalipeleka hivyohivyo. Akalitia mtungini huku anatetemeka, na mguu mmoja wa kikonyo ukaingia katika mtungi wake. Mguu wa pili ukateleza, ukaingia mtungi wa jirani, ambao ulikuwa wa Pimbi. Digidigi aliona. Akataka kuuchomoa. Lakini kugusa mtungi mara ya pili ni kifo, kasema Fisi. Basi akauacha. Akarudi kukaa, akijua ameshakufa na hata kiapo chenyewe hakukitia vizuri.

Fisi akapita akiimba wimbo wake. Mnaujua. Msiuimbe, nyamazeni, mama wa watu yuko taabuni.

Jua likapanda. Digidigi hakuondoa macho kwenye ua lake. Jeupe. Jeupe. Bado jeupe. Jua likafika utosini. Halafu akaona kitu pembeni mwa ua, kama uzi. Uzi mwembamba mwekundu, unapanda ndani ya ua kama mshipa. Akapepesa macho. Uzi bado upo. Ukazaa mwingine, na mwingine.

"Shoga," akasema. "Shoga, unaona?"

Pimbi aliona. Akajisogeza kidogo. Halafu akajisogeza tena. Na wa upande wa pili naye akajisogeza, na wa nyuma, na wa mbele, taratibu, kila mtu anajifanya anatafuta kivuli. Kabla jua halijaanza kushuka, Digidigi alikuwa amekaa peke yake katikati ya mchanga, na hapana mtu karibu naye.

Akamkumbuka mtoto kichakani. Nani atajua alipo? Nani atajua kuwa analala ubavu wa kushoto, kwamba akiamshwa kwa ghafla hulia? Alitaka kukimbia, akakumbuka neno la Pimbi: ukikimbia watasema ndiwe. Kuogopa ni kubaya, wanangu, lakini kuogopa umekaa peke yako juani, mbele ya watu unaowajua kwa majina, hakuna mfano.

Jua likagusa mlima. Fisi akaruka. "Limeiva! Mfalme, limeiva! La Digidigi! Jekundu!"

Wanyama wakaanza kugeuza migongo, wengine wameshageuka. Mfalme Nyati akaja kwa mwendo wake mzito, akapita upande wa pili wa safu, akasimama mbele ya mtungi. Akatazama. Akatazama tena.

"Fisi, jekundu liko wapi?"

"Hilo hapo, mfalme! Damu tupu!"

"Mimi naona jeupe."

"Jekundu, mfalme!"

"Unaniambia mimi sioni?" akasema Nyati. "Hili ni jeupe."

Wakabishana hivyo, huyu upande huu, yule upande ule, mpaka mfalme akazunguka safu yote, puu, puu, puu, akaja aliposimama Fisi. Akaona jekundu. Akarudi alikotoka. Akaona jeupe. Nusu ya ua ilikuwa nyekundu kama ulimi, na nusu ilikuwa nyeupe kama maziwa. Hata waliogeuza migongo wakageuza shingo kuchungulia.

Mfalme akachoka. "Hii maana yake nini?"

Fisi hakulitazamia hilo, lakini alikuwa na njaa, na mwenye njaa hakosi jibu. "Maana yake ni mchawi nusu, mfalme. Nipe nusu yake nyekundu nikaifukuze. Hiyo nyeupe nitakurudishia."

Hakuna aliyecheka. Hata kidogo. Na mfalme, bila haraka, akaanza kulitafuna jambo hilo. "Mtu humfukuzaje nusu?" akauliza.

Hapo Digidigi akaona kuwa wakimaliza kulitafuna yeye ameliwa. Akasimama. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka.

"Mfalme, ua langu lina miguu miwili. Nililipasua kwa hofu. Mguu mmoja umesimama katika mtungi nilioonyeshwa na Fisi, na upande wa mguu huo ndio mwekundu. Mguu mwingine umesimama katika mtungi wa Pimbi, na upande wa mguu huo ni mweupe. Ua ni moja. Lilikatwa na mdomo mmoja, wangu. Kama ni uchawi wangu, mbona haukupanda miguu yote miwili?"

"Anatukana kiapo!" Fisi akapiga kelele. "Geukeni! Mgeukieni mgongo, atawaroga!"

Wengine wakageuka. Lakini mfalme alikuwa ameinamisha kichwa chake kikubwa mpaka kwenye midomo ya mitungi, na pua zake zikapuliza mchanga. Alifuata mguu mmoja kwa macho. Akafuata wa pili. Alichukua muda mrefu, mpaka watu wakaanza kukohoa wenyewe.

"Fisi," akasema, "wewe una kosa?"

"Mimi? Sina hata chembe!"

"Basi huna cha kuogopa. Kesho utakata ua jeupe kwa meno yako. Utalitia katika mtungi huu wa Digidigi."

Usiku ule faru wawili walilala wameuzunguka mtungi, na Fisi akalala kati ya faru wengine wawili. Kama alilala.

Kulipokucha, Fisi akasema tumbo linamuuma. Mfalme akasema, "Kata ua." Fisi akasema maua ya leo yamenyauka. Mfalme akasema, "Kata ua." Fisi akasema, kwa heshima kabisa, maji ya jana yamechacha, mfalme, niruhusu niyabadilishe.

"Ya jana ndiyo niyatakayo," akasema Nyati.

Fisi akakata ua, akalitia mtungini. Akakaa juani kama walivyokaa wengine. Na hapo wanyama, bila kuambiwa na mtu, wakaanza kuimba, kwanza chini chini, halafu kwa sauti:

Kunywa ua, kunywa ua,
Mchawi wetu wamjua,
Asiye na kosa tuachie,
Mwenye kosa tutajie!

Jua likapanda. Fisi akatokwa na jasho. Ua la Fisi likatoa uzi mmoja mwekundu, kisha wa pili. Wanyama, kwa mazoea, wakaanza kumpa mgongo.

"Leo hakuna kugeuka," akanguruma mfalme. "Leo tazameni!"

Wakatazama. Macho yote yale, makubwa na madogo, yakamkazia Fisi, na uwekundu ukapanda, ukapanda. Fisi akavumilia, akavumilia, kisha akapasuka.

"Mimi si mchawi! Ua halimjui mchawi! Ua halijui chochote! Ua linakunywa tu, unacholitilia ndicho linachokunywa! Ni mizizi, mizizi myekundu, nimeisaga nikaitia katika maji! Hata wewe mfalme ukitia la kwako litakuwa jekundu!"

Alipomaliza akasikia alichosema.

Mfalme Nyati akaukanyaga mtungi. Maji mekundu yakatambaa mchangani, wanyama wakaruka nyuma.

"Nguchiro yuko wapi?" akauliza mfalme. "Mzee Paa yuko wapi?"

Fisi akainama. Akatazama tumbo lake.

Nyati akainamisha pembe. Sitaki kuwaeleza yote, wengine hapa watoto. Fisi alitoka nchi ile anaburuta kiuno, na mpaka leo kiuno chake kimeinama.

Mvua ikanyesha, vumbi likalala, na ndama akapona kikohozi bila mganga wala mtungi. Wanyama wakamwendea Digidigi kichakani, wamembebea majani mateke, wanataka kusalimia, wanataka kucheka naye tena. "Ulikuwa hodari, mama! Sisi tulijua huna kosa."

Digidigi akawaitikia wote kwa adabu. Walipoondoka akabaki Pimbi.

"Shoga," akasema Digidigi, "nikuulize, na uniambie kweli. Kikonyo kisingepasuka? Ua lingekuwa jekundu lote?"

Pimbi akainama, akachezea kijiti.

"Ningenyamaza, shoga," akasema mwishowe. "Nina watoto."

"Najua," akasema Digidigi. "Mimi nilinyamaza kwa mzee Paa. Na aliniita."

Wakalia pamoja, wakaagana. Digidigi akamwamsha mwanawe polepole, akaingia naye ndani zaidi ya kichaka, na tangu siku hiyo digidigi hatembei na kundi. Pitieni porini mkamwone. Yuko na wa kwake tu, na jani likianguka anashtuka.

Basi wanangu, hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba ukiona mwenzio amegeuka rangi mbele za watu, usimpe mgongo. Chungulia kwanza mtungini uone ametiliwa nini. Na usijidanganye kwamba kunyamaza kutakuokoa, kwa sababu mwenye mitungi akimaliza wa jirani, anakuja kukuonyesha wa kwako.

— Nimetoa!
— Tumepokea!
— Mmeogopa?
— Tumeogopa!
— Basi shikaneni mikono mwende kulala, na asibaki mtu nyuma.